Uso wa Mkeka

Mwaka nilioachika, katikati ya miaka ya hamsini, nilitoka Tanga nikaenda kukaa Pangani kwa shangazi yangu. Tanga nilikuwa nikishona sare kwa fundi mmoja, na cherehani ile ilikuwa imenizoesha vibaya. Nilikula mbio, nilisali mbio, hata kulia nililia mbio. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi ile, alidhani nakwenda kupumzika siku chache. Nilipomwambia nataka kujifunza kusuka mikeka alicheka, akasema mikeka imejaa sokoni.

Shangazi alisuka kila siku baada ya adhuhuri, uani. Ukindu huchanwa, hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, ule utepe mwembamba unaorefuka mpaka mtu akauchukia. Ukili ukitosha ndipo hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Nilipokosea alifumua, na nilipokasirika alinimiminia kahawa. Kuna siku nilitamani kuutupa ukili wote mtoni, na yeye nyuma yake.

Sijui ni lini hasira ilinitoka. Nilijikuta nasuka nakshi ambayo sikufundishwa na mtu, nyekundu na nyeusi zikifuatana, halafu zinaachana, halafu zinatafutana tena. Sikuipanga. Majirani walikuja, wakautazama ukili wangu, wakazungumza habari za bei ya nazi. Nikamwuliza shangazi kama ni mzuri au ni upuuzi.

“Suka, mwanangu,” akasema.

Basi. Mpaka leo sijui lilikuwa jibu la swali gani.

Sikukuu ya Idi kaka alikuja. Alisema fundi amenishikia nafasi yangu, na kwamba mwanamke mzima hawezi kukaa uani akichezea majani. Nilimwomba aningoje nimalize mkeka mmoja. Akiuona, nilisema, atajua kama nimekaa bure au sikukaa bure. Akakubali, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto. Lakini mimi niliyashika maneno yale kwa mikono miwili, kwa sababu sikutaka kurudi, na sikuwa na sababu nyingine ya kumpa.

Nilikuwa nimeshaunga ukili wote, bado pindo la pembeni, shangazi aliposhikwa na homa. Haikumchukua muda. Alifariki alfajiri, na kaka akawahi kufika kutoka Tanga kabla ya maziko.

Wanawake wakaanza kutafuta mkeka mpya. Kwetu mkeka hutandazwa juu ya mbao za kaburi kabla udongo haujarudishwa, na hauwi mkeka uliokwisha kulaliwa. Nyumba ya msukaji mikeka, na yote ilikuwa ya zamani au imeshauzwa. Wakanitazama mimi. Hakuna aliyeniomba. Nikaingia ndani nikautoa, nikauliza kama wanaweza kuningoja niupinde.

“Maiti hangojeshwi,” kaka akasema mlangoni. “Fanya haraka.”

Nikapinda. Nilishika shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, nikashona mbio, mbio zilezile za Tanga, na chumba cha pili nasikia maji yakimwagwa wanamwosha. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Nilimlilia shangazi. Niliulilia na mkeka pia, nikaona haya, halafu nikaendelea kuulilia.

Waliondoka nao. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo sikuona. Nilikaa uani na mikono mitupu, na mikono ile haikujua ifanye nini. Kazi yangu ya miezi yote ile iliyokuwa initetee ilikuwa inafukiwa, na kaka hata hakupata nafasi ya kuitandaza akaitazama. Nilijiona nimeibiwa. Nilijiona nimepewa heshima kubwa. Vyote viwili vilikaa pamoja, na hakuna kilichompisha mwenzake.

Kaka alirudi na udongo miguuni. Ni yeye aliyeteremka kaburini kumpokea shangazi, na ndiye aliyepokea mkeka. Alikaa chini karibu nami, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

“Uso wake ni upi?” akauliza.

Sikumwelewa.

“Mkeka. Wenzangu walisema rangi zikae juu. Mimi nikazigeuza zimwelekee yeye. Wakaniambia nafanya taratibu mno, jua linawaka. Sijui kama nimekosea.”

Nilitaka kumjibu kwamba amepatia. Kweli sikujua. Sijui hata kama kuna kupatia. Majirani walileta chakula, na ndipo aliponiuliza, kwa upole, amwambie nini fundi.

“Mwambie asiningoje,” nikasema.

Nilisema kabla sijaamua. Kaka akaitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akaanza kula polepole.