Picha yangu ya kwanza bila flash: mama alikataa kukaa katikati ya benchi

Wakuu, heshima kwenu wote, na shikamoo kwa mlionitangulia kuzaliwa.

Juzi kuna kijana humu aliuliza kama picha ya mtu inaweza kutoka vizuri kwa natural light tu, bila flash wala taa za studio. Nilianza kumjibu kwenye uzi wake, jibu likawa refu, nikaona nilete huku. Sijaongeza wala kupunguza. Mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni wa Kibosho, juu mlimani. Ni kitinda mimba.

Wachagga wenzangu mnajua maana yake. Kaka zako wanaondoka kutafuta maisha, wewe unabaki na nyumba ya wazazi, na kihamba, yaani shamba la ukoo, na mama. Watu huita bahati. Sawa, ni bahati, ila ina upweke ambao hakuna anayekuonya mapema.

Ilikuwa miaka ya tisini. Bei ya kahawa ilishakuwa ya kukatisha tamaa, majirani wengine wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Baba alishatangulia mbele ya haki. Kaka Aloyce alikuwa Dar anauza spea za magari, kaka Beda yuko Mwanza, dada Fausta kaolewa Tanga. Nyumbani tulibaki mimi, mama na ng'ombe.

Sasa mnajua Desemba kwetu. Mchagga anaweza kupotea mwaka mzima, lakini Krismasi lazima apande mlima.

Mwaka ule mama alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, mapema. Akafua mashuka ya vitanda vyote. Gari likiunguruma kule barabarani, anaacha anachofanya, anasikiliza.

Hakuja hata mmoja.

Kila mtu alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa za kweli. Hapo ndipo palipouma. Ungepata angalau wa kumkasirikia! Mbege tulikunywa na majirani, maana mbege haisubiri mtu.

Tuje kwenye picha.

Kaka Beda alikuwa ameniachia kamera ya mtumba. Flash yake ilikuwa imekufa, na umeme kwetu ulikuwa haujafika. Ndani ya kamera kulikuwa na film ya rangi, imebaki picha chache, nilizozitunza kwa ajili ya familia nzima siku ya Krismasi.

Krismasi ikapita hivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata nikapata wazo. Nimpige mama picha nzuri kiasi kwamba wakiiona, mwaka ujao hakuna atakayethubutu kubaki mjini. Ni hilo tu nililolitaka, wakuu. Sikuwa natafuta sanaa.

Nikamwambia mama. Akaniangalia.

"Peke yangu? Deo, picha ya mtu mmoja ni ya kubebwa mbele ya jeneza."

"Ni ya kuwatumia kina Aloyce, mama."

"Si tungoje waje, tupige wote?"

"Mama, hawajaja."

Akaingia ndani, akatoka amevaa kile kitenge cha Krismasi ambacho hakuna aliyekuja kukisifia.

Mimi kwa ujuaji wangu nikampeleka mgombani. Niliona pametulia, kivuli kizuri, na background ya majani inapendeza. Nikafyatua, nikafyatua tena. Nikajiona fundi.

Vijana, sikieni: msimpige mtu picha chini ya migomba kwa film ya rangi. Mwanga unaopenya kwenye yale majani unashuka na ukijani wake, na wote unatua usoni. Macho yako hayauoni. Film inauona.

Ikabaki picha moja. Mama akasema miguu imechoka, akaenda kukaa kwenye benchi la barazani. Benchi refu, alilichonga baba ili sote tuenee. Mbele yake uwanjani kahawa ya mwisho ilikuwa imeanikwa kwenye kichanja, imeshamenywa na kuoshwa, bado na ganda lake la ndani, jeupe. Jua la asubuhi likawa linapiga ile kahawa na kurudi juu taratibu, mpaka usoni kwa mama, hata chini ya macho pale ambapo huwa pana giza.

Sikuwa najua lolote kuhusu mwanga, lakini pale nilijua.

Tatizo, amekaa mwisho kabisa wa benchi.

"Mama, sogea katikati."

"Katikati ni pa Beda. Kule mwisho Aloyce, kati yao Fausta. Hapa karibu yangu ni pako."

"Mimi nikikaa nani atapiga?"

"Ukimaliza utakuja."

Hakusogea. Mkono wake mmoja aliuweka juu ya ubao, hapo pa kwangu, kama mtu anayeshikia mwenzake kiti kanisani. Nikafyatua. Film ikaisha.

Nikaenda nikakaa. Hakukuwa na wa kutupiga. Tulikaa tunaangalia kahawa, mpaka ng'ombe walipoanza kudai majani.

Mjini Moshi, mzee wa studio, Mhindi mwenye Kichagga safi kuliko changu, alinitolea picha za mgombani akicheka: "Mama yako ameanza kuota majani?" Mama mwenyewe alipoziona alisema nimemfanya kinyonga.

Ile ya benchi mzee aliishika kwa muda. "Uso mzuri sana huu. Ila benchi tupu limekula picha. Nikukatie?"

Nikamwambia aiache hivyo hivyo, anitolee za kutosha familia.

Nikazituma. Kaka Aloyce akaleta salamu kwa mdomo wa jirani aliyetoka Dar: picha safi, ila mpiga picha hajui kazi, mama angekaa katikati.

Desemba iliyofuata alikuja Fausta peke yake, akaondoka mapema. Nyingine hakuja mtu. Nyingine alikuja Beda.

Wote kwa pamoja walikuja mwaka tuliomzika mama.

Ikatafutwa picha ya kubeba mbele ya jeneza. Iliyofaa ilikuwa ile ya benchi tu. Aloyce akaipeleka nakala yake mjini, ikakatwa, ukabaki uso, ikawekwa fremu. Kama mama alivyosema.

Tulipotoka kaburini nikawatolea ile yangu nzima, nikawaonyesha nani ni wa wapi. Fausta akacheka kidogo, halafu akalia. Aloyce, mtu mzima na kitambi chake, akaenda akakaa mwisho kule kwake. Beda akafuata, na Fausta. Mimi nikakaa pangu. Pa mama hakukaa mtu, na hakuna aliyewaza kutafuta kamera.

Matanga yalipoanuliwa magari yakashuka mlima.

Kwa hiyo kijana, jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Tafuta kitu cheupe mbele ya mtu wako, subiri asubuhi. Na akikataa kusogea, usimlazimishe, wala usikate picha yake. Anajua anamwekea nani nafasi.

Kwenye kichanja siku hizi hakuna kahawa, ila jua bado linafika barazani. Naandika haya nikiwa kwenye benchi, pale pangu. Upande mmoja wazi, na upande mwingine wazi.

Karibuni mchangie, wakuu. Hata utani leteni. Nipo, na nyumba iko kimya.