Mwezi Mzuri wa Kwenda Tunisia

Juzi, huku Ulaya, kwenye kituo cha basi cha Sparkhill, niliona basi lenye tangazo la likizo za Tunisia, bahari yake buluu tupu. Hapohapo nikasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, kama siku ile ya utotoni.

Siku hiyo Mama alikuwa akiipika jikoni kwetu Shard End, mvua ikipiga dirisha. Mjomba, kaka yake, alikuwa kwenye simu kutoka Tunisia, sauti yake ikikatikakatika. Mama hakujua Kiingereza, basi akanipa tableti yangu ya shule.

“Tafuta humu, mwana. Mwezi gani ni muzuri kusafiri kule?”

Nilidhani mjomba yuko likizoni, nikamwonea wivu. Nikamsomea kwa madaha ukurasa wa watalii: Mei, jua tele, mvua haba, maji bado baridi kwa kuogelea.

Mjomba alicheka. “Mimi siogelei, mwana. Basi, Mei.”

Nikamwomba aniletee makombe ya baharini.

Mei ilipofika, alipanda boti kuja Ulaya. Jua liliwaka kweli, kama nilivyosoma. Upepo haukuandikwa mle, na boti haikufika.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Ila barua zake za hospitali, mpaka leo, huzipeleka kwa jirani akasomewe.