Kinanda Chenye Pumu

Siku ile ya kurekodi ingali masikioni mwangu, mwanangu, maana nusura niondoke kwenye kiti changu kabla wimbo wa kwanza haujaanza.

Nilikuwa kidato cha pili, mwenye haya kiasi kwamba nikiitwa jina darasani jasho linanitoka. Pahali pekee nilipojisikia mtu ni kwenye kinanda cha misheni ya Matombo, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi. Mjomba wangu Kobelo, mpiga saksafoni wa bendi ya jazi mjini Morogoro, alinisikia baada ya misa, akasema sauti ile lazima iingie kwenye santuri yao. Enzi hizo bendi zilikuwa magitaa juu ya magitaa. Wenzake wakamcheka: "Kobelo, unataka watu wacheze au watubu?"

Yeye akashikilia neno lake. Nasi Waluguru unatujua, mjomba akishasema, mama hana la kuongeza. Padre akatuazimisha kinanda, mradi kirudi kabla ya Jumapili. Kikateremka mlimani kwa lori la kijiji cha ujamaa, katikati ya mikungu ya ndizi.

Gari la redio likaja Morogoro na fundi wa kurekodi kutoka Dar. Tulikuwa na siku hiyo tu. Nilipoanza kukanyaga, kinanda kikahema, pedali ikalia: nyii-ko, nyii-ko. Fundi akasimamisha mashine.

"Kinanda chenu kina pumu! Kitoeni. Pigeni magitaa, basi."

Mimi huyo nikainuka. Hata viatu, nilivyokuwa nimevivua ili nikanyage vizuri, nilishaviokota.

"We mpwa wangu, nani kakwambia uinuke?" Mjomba akauliza.

"Fundi, mjomba."

"Kiti hicho alikupa fundi?"

Nikatikisa kichwa.

"Tulikupa sisi. Siku tukikukataa, tutakwambia sisi. Kaa!"

Nikakaa, machozi yananilenga, simtazami mtu. Ndipo Ramadhani, mpiga dramu, akaangua kicheko. "Kina pumu? Basi nami nitakohoa nacho. Kanyaga, dada, usibadilishe mwendo."

Nikakanyaga. Kila pedali ilipolia, fimbo yake ikagonga papo hapo. Besi likaingia, saksafoni ikafuata, na kile kilio nilichokionea aibu kikawa ndicho kinachoubeba wimbo. Fundi alikunja uso mwanzoni. Baadaye nikaona mguu wake unatikisika.

"Rudieni," akasema. "Na hiyo pumu isogezeeni maikrofoni."

Kinanda kiliwahi misa. Santuri nayo ilipotoka, watu mjini hawakuulizia jina la bendi. Walisema tu, "Hebu weka ile inayohema."

Nakusimulia haya kwa sababu najua wenzako wa kwaya wamekwambia kwamba sauti yako ni nene kama ya mwanamume, nawe tangu juzi huendi mazoezini. Nani alikupa nafasi ile? Si mwalimu wako? Yeye amekukataa? Basi kesho nenda ukasimame palepale uliposimama. Usisubiri haya ikuishe kwanza; mimi yangu haijaniisha hadi leo, nimeizoea tu, nakanyaga nayo. Na hicho wanachokicheka usikifiche kabla hujakisikia ndani ya wimbo mzima.

Nenda, mwanangu. Mungu akukalishe imara kwenye kiti chako, akupe na Ramadhani wako wa kukohoa nawe.