Mafuta Yaliyoungua Kwenye Pampu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, na baba yako asisikie hilo.

Nilikuwa mwanafunzi wa fizikia. Maabara yetu ilikuwa na mashine moja tu ya kupaka vioo tabaka jembamba, tulipokuwa tukijaribu kutengeneza seli za umeme wa jua. Kazi hiyo hufanyika ndani ya chemba isiyo na hewa, na pampu yake ilichemsha mafuta ili kuivuta hewa nje. Ukimaliza unaizima, unaisubiri ipoe zaidi ya saa nzima, ndipo unafungulia hewa; ukiwahi, mafuta huungua na moshi wake huchafua vioo vinavyofuata. Nami nilikuwa na tiketi ya treni ya Tabora. Dada yangu anaolewa huko, mtaa wa Gongoni! Nikafungulia hewa pampu ikiwa bado ya moto, nikachukua vioo vyangu. Kwenye daftari la mashine nikaandika, "Hakuna tatizo." Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali akiwa na tiketi mkononi?

Niliporudi baada ya wiki, nilimkuta rafiki yangu Leah, binti wa wakulima wa pamba wa Nzega, amekonda. Vioo vyake vyote vilikuwa vimetoka na madoa meusi. Alisoma daftari, akaona mashine ni nzima, akaamini kosa ni lake. Unga wa kupaka vioo alioutayarisha kwa miezi mingi akadhani ameuharibu, akautupa wote.

Fundi wetu, Mzee Maganga, Mnyamwezi asiyependa maneno mengi, aliifungua pampu, kisha akaniita pembeni.

"Mayo," alisema, kama kwao wanavyowaita mama na mabinti, "mafuta yameungua. Pampu nitaisafisha, ndiyo kazi yangu. Huu uongo ulioandika nitausafishaje?"

Nilimfuata Leah siku hiyohiyo, nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeandika ukweli, dada, ningesubiri." Muda wake wa masomo uliisha kabla hajatengeneza unga mwingine, akarudi Nzega bila shahada. Mimi yangu niliipata. Inaniuma hadi leo.

Sasa jana ulinipigia simu ukasema umegusa kwa kidole kitupu, chenye jasho na mafuta, ndani ya mashine mpya ya maabara yenu, na hujamwambia mtu. Nyinyi mnaovaa kama mnakwenda mwezini ili unywele usidondoke! Sikucheki, mwanangu. Hofu hiyo naijua, na haikufanyi kuwa mtu mbaya. Ila mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nasaha yangu ni hii: ukiharibu, sema kabla mwenzako hajaanza kujilaumu. Watafoka, kisha watasafisha. Ukimaliza kusoma hapa usinipigie mimi, mpigie msimamizi wako.

Mungu akutangulie, akupe mikono iliyotulia na ulimi usioogopa ukweli, na siku ya mahafali wenzako wote wawepo.