Moto wa Kuita Mvua

Juzi nilialikwa semina ya mabadiliko ya tabianchi pale Rubwera. Nenda nawe siku moja, rafiki yangu, ukacheke bure. Kila mtu na chupa yake ya maji ya dukani, na kwenye meza kuu wamemketisha jirani yetu wa zamani wa Kamuli, kikongwe sasa, eti atusimulie hali ya hewa ya enzi zile. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema zamani mvua ilikuja kwa wakati wake, na kilichoiharibu ni moshi wa viwanda vya Wazungu. Makofi! Nami nikapiga, kwa adabu tu, huku nimebinua midomo.

Sikatai, viwanda vina dhambi zao, tena kubwa kuliko zetu. Lakini moshi wa mlima wetu nilikuwepo ulipoanza, na yule mzee anajua vizuri sana ulianzaje.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera. Kyerwa yetu bado ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe, sabuni ilipatikana kwa kujuana, na sukari ndiyo usiitaje kabisa. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nalelewa na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na hicho ndicho kilichokuwa sifa yake na chanzo cha ugomvi wake na nusu ya kijiji. Ukiingia humo saa sita mchana, baridi inakupanda miguuni. Nyasi zilitandazwa nene, unakanyaga unazama, udongo huuoni. Mvua ikinyesha, maji yote yalinywewa pale pale. Jioni chungu cha ndizi na maharage kilifunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu yake ilitufuata mpaka kisimani.

Nyasi hizo zilitoka mlimani, ubavu uliotazama kibanja chetu. Kila kiangazi wanawake walipanda na mundu asubuhi na mapema, wakakata, wakafunga mizigo, wakashuka nayo kichwani huku wakisengenyana kwa raha zao. Mimi nilibeba mzigo mdogo. Ulinichoma shingo, na wadudu wakanitembea mgongoni. Nikilalamika, bibi alisema, "Wewe unalala bila shuka? Basi na mgomba haulali hivyo."

Upande wa pili wa mlima ulikuwa wa ng'ombe. Kule walichoma moto kila mwaka ili majani mabichi yachipue. Ubavu wetu haukuchomwa. Kijiji kiliweka faini ya mbuzi kwa atakayethubutu, na watu waliogopa faini kuliko walivyoogopa kiyama.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Ng'ombe wa jirani, yule yule wa semina, wakakonda mpaka ukawahurumia, na upande wao wa mlima ulikuwa umekwisha kuliwa wote. Jirani huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye suti moja ya kijivu na sauti ya kuongoza sala. Mchana mmoja nilipita kwake na ndoo ya maji, akaniita uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Unataka mvua inyeshe?"

Nani hataki? Akanieleza kwamba moshi ukipanda mwingi hugeuka wingu, na wingu likishakuwepo mvua haina pa kukimbilia. Watu wazima wengi waliamini hivyo, na mimi nilishalisikia hilo. Kisha akanipa kiberiti, akanionyesha kwa kidevu ubavu wetu wa mlima. "Akiwasha mtoto," akasema, "Mungu anasikia haraka." Akanimiminia sukari kiganjani. Sukari, rafiki yangu! Sikuwa nimeionja tangu Krismasi. Nilipanda mlima nikiilamba, nikijiona nimetumwa na mbinguni.

Nyasi zilikuwa kavu, njiti moja ilitosha. Moto ulinguruma, kwale wakaruka, upepo ukaugeuza moto ukanijia usoni. Nikakimbia hadi nyumbani nikiwa na nywele za mbele zilizoungua. Bibi alininusa kichwa, akachukua wembe, akaninyoa kipara, akazitupia nywele zote motoni. Nyuma yake mlima ulikuwa unateketea na nyasi zake zote za mwaka ule.

Kesho yake mwenyekiti aliitisha mkutano. Mwanamke mmoja akauliza mbona mtoto kanyolewa. "Chawa," bibi akajibu, na uso hata haukumcheza. Jirani akasimama na suti yake, Biblia juu, akaapa mbele za Mungu kwamba mkono wake haukuwasha moto ule. Na kweli haukuwasha, mnafiki mkubwa wee! Wakaishia kumlaumu mpita njia asiyejulikana. Mkutano ukafungwa kwa sala ya kuomba mvua, na aliyeiongoza unamjua.

Moshi wote ule haukuleta hata umande. Jua liliendelea wiki kadhaa, likiipiga migomba isiyofunikwa. Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, haikukuta jani la kuizuia mlimani, ikashuka na udongo mweusi mpaka kisimani. Kisima kikawa tope. Kibanjani migomba yenye mikungu ilianguka mizizi juu, na bibi alizunguka akiiinua na kuiegemeza kwa miti, kama muuguzi asiye na dawa.

Halafu likaja la kuchekesha. Wenye ng'ombe walipoona hakuna aliyetoa mbuzi, na majani yamechipua mazuri, wakachoma tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Msitu wa juu ukakatwa kuni za kuchomea matofali, kwa kuwa kila mtu alitaka nyumba ya maana. Mvua zikaanza kuja zinapojisikia. Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tuliendelea kutazama juu na kuuliza mbingu imetukosea nini. Loo! Kwale siku hizi huwasikii. Wanawake hawapandi tena mlimani, maana hakuna cha kukata, na ule umbea wao wa asubuhi umekufa pamoja na nyasi.

Miaka ya tisini nilipata kazi ya ualimu Rugera. Bibi alikuwa amehamishiwa kwa baba mdogo, macho yamezimika, hatoki kitandani. Aliacha kibanja kikiwa kimechoka, lakini kipo. Sikukuu moja akanitumia ujumbe: anataka ndizi za kibanjani kwake kabla hajafa. Nikaenda kuzitafuta. Nilikuta vigogo vikavu, udongo mwekundu, na mihogo miwili mitatu. Nikarudi barabarani, nikanunua mkungu mnono wa mtu mwingine, nikapika, nikampelekea. "Za kwako hizi, bibi," nikasema.

Alikula taratibu, hakubakiza. Akauliza ni nani anayekitandazia nyasi. Nikasema mimi, kila likizo. Nimemdharau yule mzee maisha yangu yote kwa kiapo chake cha ujanja, na mimi nilimdanganya kipofu huku nimemshikia sahani.

Bibi akawaita baba zangu wadogo wote watatu, wakasimama kuzunguka kitanda. Kwetu ardhi haipewi mtoto wa kike, hata umlilie nani. Akasema kibanja nipewe mimi, asitokee wa kunigusa, maana mimi ndiye niliyekihurumia.

Nilitegemea kelele. Hawakubisha hata kidogo. Walitazamana, wakaitikia kwa pamoja, na mdogo wao akageukia dirishani kuficha kicheko. Bibi akanyoosha mkono hewani akinitafuta anibariki. Nikainamisha kichwa, nikasema asante.