Kuku Niliyemkataa Port Victoria

Juzi nilikuwa nimejibanza kwenye baraza ya duka moja Busia, nikingoja mvua ipungue, mama mmoja akakung'uta gunia tupu la omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na miguu yangu. Waliokuwa karibu wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Mniwie radhi. Wapo wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya maua, ama ya mkate ukitoka jikoni. Mimi nimejaliwa omena.

Harufu ile hunirudisha kwenye Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi hivi, nilipotoka nyumbani kwenda kununua chumvi na nikajikuta ziwani.

Tulikaa Alupe. Baba yangu, Mteso wa maneno machache, alikuwa akiziba matairi ya malori yanayopanga foleni mpakani kuvuka kwenda Uganda. Mama alikuwa Mnyala wa Port Victoria, kule nchi yetu inakoishia majini, na maneno aliyobakisha baba, yeye aliyasema yote. Walipendana hivyo hivyo. Lakini siku moja, mbele ya ndugu zake waliokuja kututembelea, baba alitangaza kwamba atamuuza ng'ombe wetu wa maziwa. Mama akasema ng'ombe hauzwi. Baba akaona macho ya ndugu zake yamemgeukia, akasema, "Kama hii boma imekushinda, rudi kwenu." Mama alimaliza kuwapakulia wageni, akaosha sahani zote, akazipanga, kisha akafunga nguo zake na kuondoka.

Kwa watu wa baba na kwa watu wa mama vilevile, neno kama hilo likishasemwa mbele ya wageni halifutwi kimyakimya. Mke aliyeambiwa arudi kwao hajirudishi. Watu wa mumewe huenda kumchukua, wakakaa chini, wakasema, wakala. Baba aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini kila alipoulizwa alijibu, "Aliondoka na miguu yake. Si anajua njia?" Simu alikuwa nayo mfukoni, hakupiga. Na kule ziwani kaka yake mama, mjomba Wandera, alikuwa ameapa kwamba dada yake hatatoka kwake kabla watu wa Alupe hawajafika. Shuleni tulifundishwa kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi ilikuwa mimi na mdogo wangu. Mihula miwili ilipita hivyo, na kila nilipoona kitenge chekundu sokoni nilikifuata hatua kadhaa kabla ya kuona uso wa aliyekivaa.

Ile Jumamosi baba alinituma chumvi na sabuni. Pale soko la Busia nikakuta pikapu imeegeshwa, nyuma imejaa vikapu vitupu vya samaki, na juu ya vikapu wameketi kina mama wakila fenesi la Uganda, wanamngoja dereva. Nikasikia mmoja akisema, "Tukichelewa kufika Port tutakuta omena imeisha." Sikuwa nimepanga chochote. Neno "Port" liliingia sikioni, mguu ukapanda kwenye tairi, na nilipozinduka nilikuwa nimekaa juu ya kikapu, na mama mmoja ananipa kipande cha fenesi bila hata kunitazama. Kila mmoja alidhani mimi ni mtoto wa mwenzake. Wa kulia alinipa, wa kushoto akanipa, nami nilikuwa nimefundishwa kwamba kukataa chakula cha mkubwa ni utovu wa adabu. Nilikula fenesi mpaka vidole vikashikana kwa utomvu.

Barabara ya vilima vya Samia siku hizo ilikuwa na mashimo yaliyojuana kwa majina. Fenesi na harufu ya vikapu vilianza kuzungumza tumboni mwangu, na mazungumzo yao hayakuwa mazuri. Tulipofika ndipo mama mmoja akauliza, "Kwani hii mtoto ni ya nani?" Wakatazamana. Nilikuwa nimesharuka chini.

Ziwa lilinishtua. Nilikuwa nimelidhania kuwa kama kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, labda kikubwa mara kumi. Hili halikuwa na ng'ambo. Upepo ulitoka juu yake ukiwa na ubaridi nisioujua, na ufuoni wanawake walikuwa wakigeuza omena juu ya nyavu kuukuu, dagaa maelfu wakimetameta. Kati yao makorongo wenye upara walitembea taratibu kama wazee wa kanisa wakipitisha sadaka. Nilisimama nikatazama, na naona aibu kusema kwamba kwa muda hivi nilimsahau hata mama. Kisha nikaogopa. Jua lilikuwa utosini, hakuna aliyenijua, na chumvi sikuwa nimenunua.

Nilimuuliza mwanamke mmoja kwa kina Wandera, akanielekeza kwa mdomo, maana mikono ilijaa omena. Haikuwa mbali. Bibi yangu, ambaye kwa Kinyala tulimwita Kukhu, alikuwa uani akipepeta nafaka ya wimbi. Aliponiona aliweka ungo chini polepole.

"Nani amekufa?" akauliza.

Huko kwetu mtoto haji peke yake kutoka mbali ila ametumwa na msiba.

"Hakuna, Kukhu."

"Hakuna mtu? Kweli?"

"Hakuna mtu."

Akanivuta, akanishika uso, akaninusa kama mtu anayekagua maziwa. Hakuuliza tena. Aliita mtoto wa jirani na kumwamuru akamate jogoo. Kwa upande wa mama, mgeni asipochinjiwa kuku hajasalimiwa, hata kama mmempa mikono yote miwili.

Mama alikuja mbio kutoka ufuoni, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Alinikumbatia na kunipiga mgongoni kwa pamoja, na mpaka leo sijui ni kipi kilitangulia. "Umekuja na nani? Baba yako amekutuma?" Nikatikisa kichwa. Akalia, nami nikalia, tukanuka omena sote wawili.

Mjomba Wandera, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alimpigia baba simu. "Mtoto wako iko hapa. Mzima," akasema, sauti kavu. Tulimsikia baba akihema upande wa pili. Kisha akasema, "Asante, shemeji." Mjomba aliitazama ile simu baada ya kukatika, kwa sababu neno shemeji lilikuwa halijasikika tangu mama aondoke.

Chakula kikaletwa. Ugali wa mtama na muhogo, mweusi, wenye moshi, na jogoo kwenye mchuzi ambao mafuta yake yalielea juu kama shilingi. Kukhu mwenyewe alinipakulia, na juu ya ugali wangu akaweka firigisi. Mama akashtuka. Firigisi kwao hailiwi na mwanamke, sembuse mtoto wa kike. Hiyo ni ya mwenye nyumba, ama ya mgeni mwanamume aliyekuja na jambo zito. Mjomba akafungua mdomo, Kukhu akamtazama, akaufunga.

Sasa lazima niwaeleze kitu. Wazee wanapokwenda kwa watu kwa shughuli ya posa au ya kupatanisha, huwekewa chakula na hawakigusi. Hukaa na njaa yao mbele ya kuku mpaka neno lao lisikizwe, na likisikizwa ndipo hunawa. Kila mtu pale alilijua hilo. Mimi sikulijua. Mimi nilichojua ni kwamba mvuke wa yale mafuta ulipanda puani, ukashuka tumboni, ukakutana na fenesi, na fenesi likaanza safari ya kurudi. Nikaisukuma sahani.

"Sili," nikasema.

Mama alianza kunikemea, Kukhu akainua mkono.

"Mgeni amekataa kula," akasema. "Wandera, mgeni ako na neno. Muulize."

"Mama, huyu ni mtoto!"

"Si uliapa watu wa Alupe waje? Hawa hapa. Ama huyu si Mteso? Si ni wa hiyo boma? Muulize."

Majirani waliokuwa wamesogea kwenye ua, kwa sababu habari huko haihitaji redio, wakacheka kwa chinichini. Mjomba alikuna shingo. Kisha, Mungu ambariki, alikaa vizuri kwenye kiti, akakohoa kama anavyokohoa mbele ya wazee, akasema, "Haya, mgeni. Umekuja na neno gani?"

Mimi nilikuwa nimebana midomo nisije nikaaibika. Nilipoifungua, lililotoka halikuwa la busara yoyote. "Baba anapika ugali ya watu wanne," nikasema. "Kila siku. Tuko watatu. Ile ya mama anafunika na sahani, anaweka kwa meza, mpaka asubuhi. Halafu asubuhi ni sisi tunakula na chai. Imekuwa baridi. Mimi nimechoka."

Nilidhani nimelalamikia chakula. Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Mjomba hakunitazama mimi, alimtazama dada yake.

"Wewe unasemaje?" akamuuliza.

"Ng'ombe ameuzwa?" mama akauliza nyuma ya kitenge.

"Yuko," nikasema. "Baba ndiye anamkamua. Ng'ombe anammwagia maziwa kila siku."

"Basi neno limesikizwa," akasema Kukhu, na kunisogezea maji ya kunawa. Aliona nilivyoyatazama, akanishika mkono na kunipeleka haraka nyuma ya jiko, mahali ambapo fenesi lilimaliza safari yake.

Pikapu ileile ilirudi Busia alasiri, vikapu vimejaa, nami nimelala mapajani mwa mama. Mjomba Wandera alitusindikiza ameketi karibu na dereva kama bwana harusi. Kukhu alikuwa amefunga firigisi kwenye jani la mgomba, iende kwa baba. Baba alikuwa amesimama pale steji na mikono yake myeusi ya matairi. Alipolifungua lile jani alielewa kwamba kiti alichopaswa kwenda kukikalia Port kilikuwa kimekaliwa na binti yake. Jumamosi iliyofuata alikwenda Port na ndugu zake walewale, na jogoo, akasema mbele yao yale yaliyompasa kusema. Nami kwa miaka mingi nilitembea nikijisifu. Watoto wenzangu walirudisha ng'ombe nyumbani, mimi nilimrudisha mama.

Nilikuwa tayari mke wa mtu, na Kukhu amezeeka, siku nilipomwambia ukweli. Tulikuwa tukimenya njugu jikoni kwake. Nikamwambia kwamba siku ile sikuwa na neno lolote, lilikuwa fenesi tu.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ulikuwa unanuka fenesi kutoka kwa lango. Nilijua huwezi kula."

"Basi mbona ukaniwekea firigisi?"

"Mjomba wako alikuwa ameapa. Mwanaume akiapa, lazima umtafutie mlango wa kutokea." Akamenya njugu kadhaa, halafu akasema, bila kuinua macho, "Mimi pia niliambiwa nirudi kwetu. Nilienda na mama yako mgongoni. Nikakaa mvua mbili. Mbwa akibweka kwa barabara, natoka nje kuangalia. Hakuna mtu alikuja. Hata mtoto. Nikachoka, nikajirudisha. Babu yako aliniona naingia, akaniuliza kama nimeleta samaki."

Nilimshika mkono, ukiwa na maganda ya njugu, na hakuuondoa. Sasa najua aliona nini siku ile nilipotokea uani kwake peke yangu, na vumbi hadi kwenye kope: watu wamekuja kumchukua binti yake.