Rubani Aliyekataa Kuokolewa

Siku yetu ya mwisho nyumbani, Burundi, baba alikuwa akishona sare za shule, nami nikimsumbua kwa kumuuliza kama mifuko ya sketi yangu imelingana. "Imelingana," alisema bila kuipima. Sikumwamini. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini tayari mtu wa kuhangaika. Chuo kilikuja kuongezea tu.

Jioni risasi zikalia kilima cha pili. Alfajiri tulikuwa kwenye mtumbwi wa kuazima katika mto Malagarasi, masika yameufurisha hadi ndani ya mafunjo: baba, mama, mimi na cherehani. Ng'ambo ilikuwa Tanzania, upande wa Kumsenga. Mtumbwi ulikuwa umelemewa, maji yakikaribia kuingia ndani.

Ndipo ikatokea juu yetu kajugujugu, ndivyo tunavyoiita helikopta. Baadaye tuliambiwa ilibeba dawa za wakimbizi. Ilikohoa. Ikanyamaza.

Ikaanguka mtoni.

Mtu mmoja akaibuka, amekumbatia sanduku la dawa.

"Oya! Oyaa!"

Baba akaacha kupiga kasia. Kwa Kirundi, oya ni hapana.

"Anakataa," alisema.

"Anakataa nini?" mama akauliza.

"Kuokolewa. Labda ni mwanajeshi, anatuogopa."

"Atuogope sisi, na cherehani?"

"Oyaa!"

"Umesikia? Anasisitiza."

"Baba Neema, mtu anayekunywa mto mzima usimsikilize. Piga kasia!"

Tulipomfikia, hapakuwa na nafasi. Baba aliitazama cherehani; ndiyo iliyokuwa shamba letu na duka letu. Akaisukuma majini, akamvuta rubani ndani.

Kumsenga watu walitupatia uji. Rubani, kijana wa Dar es Salaam, alikuwa amejifunga kitenge cha mama.

"Wazee wangu, mbona mlisimama kunijadili kama ng'ombe wa mnadani? Nawaita, nyie mnapiga stori!"

Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, hakikuwa na maneno ya vijiweni Dar. Baba alipomweleza maana ya oya kwetu, rubani alicheka hadi kitenge kikamdondoka, na mama akafunika macho, ila si yote mawili.

Kambini Nyarugusu mama alikisimulia kisa hicho kwenye foleni ya maji, na foleni ikasahau kusogea. Baba aliigiza rubani. Tulihitaji kucheka, na tulicheka sana.

Kuna sehemu mama haisimulii. Rubani alikuwa na mwenzake, fundi wa helikopta. Alimwita kwa jina hadi tulipogusa nchi kavu. Hakuitikiwa.

Sasa naishi Kasulu, nina shahada na sina kazi, kwa hiyo nina muda wa kufikiri. Juzi, tukipukuchua mahindi, nilimuuliza baba: kama tusingesimama kubishana, je, yule fundi tungemwahi?

"Pengine," alisema.

Nilingoja anitulize. Akachukua hindi jingine.

"Cherehani nilishaisahau, Neema. Yule fundi hunijia kila masika."